Dakika Moja ya Daktari wa Dispensari Yetu

Hebu niambie, wewe umewahi kuangalia mtoto akipumua dakika nzima, kuangalia tu, bila kumgusa, bila kumwambia pole, bila kumfuta kamasi? Jaribu siku moja. Ukifika katikati utaona mkono yako imeenda yenyewe. Yangu ilikuwa inaenda kabla hata sijakaa chini.

Sasa mwanamke wa dispensari yetu, huku juu ya Othaya kwa majani chai, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Sisi tulikuwa tunamwita Daktari. Yeye anasema, "Mimi si daktari, mimi ni nasi, muuguzi tu," na sisi tunamjibu, "Ndiyo, Daktari." Mwishowe alichoka akawacha.

Unaingia, unakaa, anakwambia mpakate mtoto, mfungue kifua, halafu unyamaze. Alikuwa na saa ndogo imening'inia kwa yunifomu, imepinduka miguu juu, anaishika na vidole viwili. Anaangalia saa, anaangalia tumbo ya mtoto. Siku ya kwanza nilidhani mama wa watu amelala macho wazi. Nikaona nimsalimie ndio aamke.

"Daktari, habari ya asubuhi."

Akaniangalia, akaangalia saa. "Sasa tunaanza tena," akasema.

"Pole, Daktari, sikujua."

"Na tena," akasema.

Kulikuwa na mzee hapo nje kwa benchi anakohoa kama trakta inakataa kuwaka. Daktari akatuma mtu amwambie aende akakohoe huko kwa tangi ya maji, amalize yote, ndio arudi. Mzee akaenda. Hata chifu angeenda. Hiyo dakika yake ilikuwa kama ya maombi, tofauti tu ni kwamba kwa maombi watu hufungua jicho moja na hakuna mtu anawaambia tuanze tena.

Nakuambia maneno ya huyu mtu kwa sababu moja. Mtoto yangu Njeri anafanya kazi ya kufua mashuka kwa hoteli huko Nanyuki, na amepata mtoto wa pili. Mwezi ujao ananiletea nilee, venye nililea wa kwanza, Wanja. Watu wananiuliza kama magoti itaweza. Magoti itaweza. Shida yangu ni ingine: mimi huchelewa. Mtoto akiwa mgonjwa, mimi kwanza nauliza watu. Nauliza Mama Gathoni wa hapa ng'ambo ya ua, nauliza dada ya bwana yangu, nauliza hata mtu anapita na ng'ombe. Nilizika mmoja, mtoto yangu wa mwisho, kabla hiyo dispensari ijengwe. Tulikuwa bado tunaulizana. Hiyo sitaiongea sana. Nataka tu ujue kenye naogopa: nisichelewe tena. Daktari ndiye aliona hii ugonjwa yangu, na akaitibu kuliko alitibu watoto.

Lakini kwanza nikuambie juu ya kabichi.

Wewe unajua baridi ya huku mwezi wa saba. Ukungu inaingia mpaka kwa sufuria. Na sisi mtoto akiwa na homa, kitu ya kwanza ni kumfunika. Fulana, sweta, sweta ingine ya juu, boshori ya kichwa, soksi mbili, shali, halafu blanketi ya kumbeba. Na huwezi toa mtoto nyumbani akiwa mchafu, watu watasema nini. Kwa hivyo unachemsha maji, unamwosha, unampaka mafuta mpaka anang'aa kama chapati, unamvalisha ile nguo ya kanisa. Saa mbili imeisha. Ndio sasa unaenda.

Daktari anaangalia hiyo mzigo. "Leo nimeletewa kabichi," anasema, na anaanza kufungua. Anatoa jani moja, anakupatia ushike. Anatoa ingine. Kufika kwa mtoto, wewe mikono yako imejaa nguo mpaka hauoni mbele. "Kumbe kuna mtu ndani," anasema. Na mtoto anaanza kupoa hapo hapo, kwa sababu nusu ya hiyo homa ilikuwa ya sweta.

Mama mmoja alimwambia, "Lakini Daktari, nimemwosha."

"Nimeona. Mimi sitibu mafuta, mama. Ungemleta na uji kwa shavu, ungekuwa umefika asubuhi."

Maneno yake ilikuwa hivyo, haikuwa na sukari. Sukari yote alikuwa anaweka kwa chai, vijiko vinne, nimehesabu mwenyewe. Anakaa hapo anakataza watoto peremende, na kikombe yake ukiinua kijiko inasimama. Ukimwambia anasema, "Mimi nimeshamaliza kukua."

Alikuwa na maswali manne. Huyu mtoto anaweza kunywa ama kunyonya? Anatapika kila kitu? Ameshikwa na kutetemeka akapotea? Ni mzito wa kuamka? Aliuliza kila mtu, hata kama umekuja na mtoto ako na jipu kwa kidole. Alikuwa amezoea mpaka hawezi kujizuia. Siku moja alikuja mzee na jino, shavu imevimba kama anaficha kiazi, na Daktari bila kuinua kichwa akamuuliza, "Ananyonya?" Mzee akafikiria. Akasema, "Kidogo." Hiyo benchi yote tulilia na kucheka, na yeye pia akacheka mpaka akatoa miwani.

Ukimjibu ndiyo kwa kutapika, ama kwa kutetemeka, ama kwa uzito wa kuamka, ama umwambie mtoto hawezi kunywa, mzaha inaisha. Anasimama. Anaanza kutafuta gari ya kwenda hospitali kubwa, na wewe hauulizwi kama uko tayari.

Juu ya homa alikuwa anasema, "Homa ni mbwa inabweka. Usipige mbwa. Enda uangalie nani amesimama kwa geti." Juu ya kikohozi alikuwa anasema, "Kikohozi ni ya mtoto, chupa ya dawa ni ya mama." Maana sisi tulitaka chupa. Ukitoka kwa dispensari bila chupa ya dawa nyekundu, Mama Gathoni atakuuliza kwani ulienda kufanya nini huko. Daktari anakwambia ni homa ya mafua tu, kifua ni safi, mpatie maji ya kunywa na maziwa ya mama, rudi siku ya pili, na ukiona anavuta pumzi kwa nguvu usingoje hiyo siku ya pili. Sisi tunatoka tumenuna. Mimi niliwahi kupitia duka nikanunua chupa yangu mwenyewe. Alinikuta nayo. Aliisoma nyuma na mbele, akanirudishia, akasema, "Kunywa wewe, ndio upate usingizi."

Na kuhara. Ngai, kuhara. Wamama wa hapa walikuwa wanajua kwamba tumbo ikifunguka unafunga mdomo. Usimpatie maji, itatoka tu. Daktari alichukua nyanya, ile imeanza kukunjamana kwa jua, akaweka kwa meza. "Huyu anaharisha," akasema. "Mnasema tusimpatie maji. Haya, tumwangalie." Hiyo nyanya ilikaa kwa meza wiki mbili. Kila mama akiingia anaonyeshwa. Ilikauka ikawa kama sikio ya mbuzi, na inzi, na harufu, na yeye anakataa kuitupa ati bado inafundisha. Lakini tulianza kupatia watoto ile dawa ya kuchanganya na maji, kijiko moja, unangoja kidogo, kijiko ingine. Na vile vidonge vya zinki, unamaliza vyote hata kama kuhara imeisha. Mama mmoja alitaka mtoto wake awekwe dripu kwa mkono kama wa jirani. Daktari akampatia kikombe na kijiko. "Hii ndiyo dripu," akamwambia. "Na wewe ndiye nasi. Keti hapo."

Usifikirie ati alikuwa chuma. Alikuwa anaogopa sindano. Kudunga alikuwa anadunga vizuri, mtoto hajui imeingia. Kudungwa yeye, hapana. Walipokuja watu wa kaunti kuchanja wafanyakazi, alijifungia kwa choo, na kijana wa kusafisha akasimama mlangoni anamwambia maneno yake mwenyewe, "Ni kama mbu tu, Daktari. Mbu moja." Alitoka akiwa amefunga macho.

Na Krismasi moja mjukuu yake aliletwa kutoka Skuta, huko Nyeri mjini, akashikwa na tumbo. Nilikuwa nakamua ng'ombe, nikasikia geti. Ni yeye, anakimbia, mguu moja iko na slipa, ingine iko na kiatu ya kanisa. "Mama Njeri, mtoto ananiharia, nifanye nini?"

Nikadhani ananijaribu. Nikamwambia, "Anaweza kunywa?"

"Anakunywa."

"Anatapika kila kitu?"

"Hapana."

"Ametetemeka? Ni mzito wa kuamka?"

"Anacheza na paka."

"Basi wewe ndiye nasi," nikamwambia. "Enda uketi na kijiko."

Alikaa kwa ndoo tupu ya maziwa, akapumua. Baadaye akasema kitu sijasahau. Akasema mtu akipenda mtoto sana, anakuwa mjinga kwanza, ndio akili inarudi, na shida yote iko hapo katikati.

Sasa nifike kwa Wanja.

Alikuwa na miaka miwili. Njeri alikuwa ameniachia, ameenda Nanyuki. Wanja akakohoa siku mbili, ya tatu akaamka hataki uji. Nikasema nitaenda dispensari. Lakini kwanza nikaita Mama Gathoni aje aone. Mama Gathoni akasema hiyo ni kilimi imerefuka kwa koo, kuna mtu kwa soko hukata. Nikapigia dada ya bwana yangu simu. Yeye akasema hapana, ni baridi imeingia kwa mgongo, nimkande na mafuta ya kondoo. Nikatafuta mafuta ya kondoo. Nikaosha mtoto, nikamkanda, nikamvalisha zile nguo zote. Kufika kwa Daktari jua ilikuwa juu ya kichwa.

Siku hiyo hakusema kabichi. Alitoa nguo haraka, zote pamoja. Akaangalia. Na mimi, kwa mara ya kwanza, nikaangalia kenye alikuwa anaangalia. Hapo chini ya mbavu, mtoto akivuta pumzi, ngozi inaingia ndani, kama karatasi ya nailoni ukinyonya na mdomo. Kila pumzi, inaingia. Nilikuwa nimekanda hiyo kifua asubuhi na sikuiona.

Dakika haikufika mwisho. Alimdunga, akaita gari ya mwalimu mkuu, akaingia na sisi. Njia yote mpaka hospitali alikuwa amemshika Wanja akiwa ameketi wima, na hakuniangalia. Wanja alilazwa siku tano, na ile hewa ya oksijeni inapita kwa mpira mpaka kwa pua. Njeri alikuja kutoka Nanyuki na macho imevimba. Akaniambia, "Mami, hii ikirudi tena nitamchukua." Na angemchukua ampeleke wapi? Chumba moja, na yeye ako kazini toka asubuhi.

Daktari alingoja tufike nyumbani, tukae wiki. Ndio akaja. Nikajua amekuja kunigombeza, nikapika chai mapema. Hakunigombeza. Aliuliza kama niko na maharagwe.

"Ya kupika?"

"Ya kuhesabu."

Mimi nilisoma mpaka darasa ya pili. Naweza kuhesabu, lakini nikishtuka namba zinaruka. Alijua. Akahesabu maharagwe arobaini akaweka kwa kikombe ya mabati. Akaniambia, Wanja akikohoa, ngoja awe ametulia, halii. Mfungue kifua. Kila akivuta pumzi, toa haragwe moja uweke kwa sahani. Maharagwe ikiisha kabla dakika iishe, enda. Na kama ile ngozi inaingia chini ya mbavu, usitoe hata haragwe moja, enda tu. Mtoto hajafika mwaka moja ni hamsini, huyo ako na kikombe yake.

"Na dakika nitajuaje? Sina saa."

"Uko na mdomo. Imba wimbo ya kanisa."

Basi nikaimba, yeye ameshika ile saa yake. Nikamaliza. Akaangalia saa, akaniangalia. "Mama Njeri, wewe unaimba kama mtu anafukuzwa. Hiyo ni nusu dakika. Ukiimba hivyo mtoto mgonjwa ataonekana mzima." Nikaimba tena, pole pole. Akasema, "Sasa uko sawa kwa sababu tumeketi. Ukiogopa utakimbia tena. Tafuta wimbo haikimbii." Akafikiria. "Imba ile ya mazishi. Hiyo hakuna mtu huikimbiza."

"Daktari, niimbie mtoto mgonjwa ya mazishi?"

Alifunika mdomo. Tukatafuta ingine. Tukajaribu ya harusi, ikaruka. Tukajaribu ya ubatizo. Mwishowe tukapata ile ya sadaka, maana hiyo watu huvuta, kila mtu bado anatafuta kwa mfuko. Ubeti moja na kiitikio, halafu ubeti ya pili, dakika kamili. Alinipima mara nne. Bwana yangu alikuja kutoka shambani akatukuta tunaimba sadaka na maharagwe kwa meza, akarudi shambani.

Miezi mitatu haikuisha. Wanja akaanza tena. Nikamfungua kifua, nikaanza kuimba. Kiitikio haikuwa imeisha na maharagwe imebaki tatu. Kufika ubeti ya pili kikombe ilikuwa tupu. Mama Gathoni alikuwa kwa ua, akasema, "Kwani leo ni Jumapili?" Na mimi nilitaka kumuuliza, wewe unaonaje. Ilikuwa hapa kwa ulimi. Nikaimeza. Nilibeba mtoto na fulana moja na shali, mimi mwenyewe na gambuti miguuni na aproni ya kuchuna majani.

Daktari alihesabu dakika yake. Akaangalia chini ya mbavu, haikuwa inaingia. Akasema ni nimonia lakini ndio inabisha mlango. Akanipatia vidonge vya kuyeyusha kwa maji, cha kwanza akapewa hapo hapo. Tukarudi nyumbani tukitembea. Hakunisifu. Aliniangalia tu gambuti, zimejaza matope sakafu yake yote, akasema, "Leo umekuja kama mtu ako na mgonjwa."

Njeri hakumchukua Wanja. Ndivyo Wanja amekua hapa, na sasa ako gredi ya nane.

Daktari alistaafu. Anakaa Skuta kwa kijana yake, gorofa ya tatu, na magoti imekataa ngazi, kwa hivyo yeye huona Nyeri kutoka juu kama ndege. Huyu mtoto wa pili alipozaliwa nikasema lazima niende nimwone. Nikamchukua Wanja. Mkoba ulikuwa na ndizi na mayai, na mimi njia yote nafikiria venye atafurahi kumwona huyu msichana, mrefu hivi, anakimbia mbio za shule.

Alinijua mara moja. Akamwangalia Wanja. "Na huyu?"

"Si ni Wanja."

"Wanja gani?"

"Wanja wa kifua, Daktari. Wa gari ya mwalimu mkuu."

Akatafuta kwa kichwa. Hakumpata. Mimi nikaumia, sitakuficha. Huyo mtoto ndiye alikuwa maisha yangu yote na yeye hamkumbuki.

Akaona uso yangu. "Mama Njeri," akasema, "niliona watoto wengi. Wale nakumbuka ni wale walienda na hawakurudi. Hao najua mpaka rangi ya shali." Akamshika Wanja mkono. "Kama sikukumbuki, mtoto, hiyo ni kitu nzuri."

Halafu nikamwambia juu ya yule wa Nanyuki. Akauliza miezi, nikamwambia mitano. Akauliza macho yangu. Nikasema ni mazuri. Akainua vidole viwili akaniambia nihesabu, nikasema tatu, na Wanja akakohoa kile kikohozi cha mtu anataka kucheka.

"Nani ataamua siku ya kumpeleka hospitali?" Daktari akauliza.

"Mimi," nikasema.

Akageukia Wanja. "Shosho yako akianza kuamua, huchukua saa ngapi?"

Wanja akaniangalia. Mimi nikaangalia dirisha.

"Si saa," Wanja akasema. "Ni mpaka amalize na Mama Gathoni."

"Bado?"

"Bado. Hata wiki ile nilikuwa na homa, aliita watu watatu."

Mimi nikasema hao walikuja kunisalimia tu.

"Unamwogopa shosho yako?" Daktari akamuuliza.

"Kidogo."

"Hiyo ni vizuri, uendelee. Lakini kwa hii moja ya hospitali, uwache kumwogopa."

Tukashuka ngazi pole pole, Wanja mbele, mimi nimeshika chuma. Kufika chini kwa barabara nikamwambia alikuwa ameniaibisha, ni kama amenitoa nguo mbele ya Daktari, na kama amekua mkubwa hivyo basi aniambie mimi mwenyewe, uso kwa uso. Akasimama. Alikuwa amebeba mkoba yangu, umebaki mwepesi.

"Shosho, sikiza," akasema. "Huyo mtoto akilemewa, mimi sitakuuliza, na sitangoja umuulize mtu. Nitambeba niende. Tukirudi unikasirikie."